Jack Davies: daktari wa Mulago aliyeonyesha kwamba si kila mtoto aliyevimba ana utapiamlo

Mama au mlezi unayesoma ukurasa huu, huenda umewahi kumwona mtoto ambaye tumbo limejaa, uso umevimba asubuhi, na akipanda kilima kidogo tu anasimama kuhema. Hapa Iringa majibu huja haraka. Mmoja atasema ni minyoo. Mwingine atasema mtoto hali vizuri. Bibi atasema ni safura. Na hawakosekani wa kunong'ona kwamba mtoto amechezewa.

Mara nyingi jibu la minyoo au la lishe huwa ndilo. Lakini mara chache chanzo kiko kwenye moyo wa mtoto, na kila wiki inayopita kwa dawa za minyoo na uji wa lishe peke yake ni wiki moyo unapozidi kuchoka. Makala haya yanakueleza maisha ya daktari aliyewafanya madaktari wa Afrika Mashariki walijue jambo hili. Ukijua alichokiona, utajua pia swali la kuuliza unapompeleka mtoto hospitali.

Alikuwa nani?

Jina lake ni Jack Davies. Katika majarida ya kitabibu aliandika J. N. P. Davies. Alizaliwa mwaka 1915, akasomea udaktari Uingereza, na katika miaka ya 1940 akaja Uganda, nchi iliyokuwa bado chini ya utawala wa Waingereza. Alifanya kazi katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala na kufundisha katika shule ya udaktari ya Makerere.

Kazi yake ilikuwa patholojia. Daktari wa patholojia huchunguza vipande vya mwili kwa hadubini, na pia huchunguza mwili wa aliyefariki ili kujua ni nini hasa kilichomuua. Si daktari unayekutana naye wodini. Lakini akifanya kazi yake vizuri, daktari wa wodini hujifunza kutorudia kosa lile lile kwa mgonjwa anayefuata.

Kwetu Tanzania jina hilo halikuwa mbali. Chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1963. Kabla ya hapo, vijana wa Tanganyika waliotaka udaktari walikwenda Makerere. Kilichogunduliwa Mulago kiliingia katika mafunzo ya madaktari waliorudi kuhudumia hospitali za huku.

Mioyo yenye ukoko

Pale Mulago, Davies alikutana mara kwa mara na mioyo ya aina moja, baadhi ikiwa ya watoto na vijana. Kwa nje moyo haukuonekana na ajabu kubwa. Ulipofunguliwa, vyumba vya chini vilikuwa vimefunikwa ndani na kovu nene, jeupe na gumu.

Fikiria sufuria ya wali iliyoungua. Ukoko umeshika chini na umepanda pembeni. Sufuria ni ile ile, lakini nafasi ya ndani imepungua. Sasa fikiria kwamba sufuria hiyo ilipaswa kutanuka na kusinyaa kila sekunde, kama moyo unavyofanya. Ukoko ukishashika, haitanuki tena. Damu inayorudi kutoka mwilini haipati nafasi ya kuingia, hivyo inarudi nyuma na maji yake yanavujia tumboni, kwenye ini na miguuni. Tena kovu hilo hushika nyuzi za valvu, yaani milango ya moyo, nayo ikawa haifungi sawasawa.

Davies hakuwa wa kwanza kabisa kuona mioyo ya namna hiyo. Mwaka 1938 daktari Arthur Williams, naye akiwa Uganda, alikuwa ameandika juu ya makovu ndani ya moyo. Mwaka 1946 madaktari wa jeshi la Uingereza walieleza ugonjwa wa moyo usiojulikana chanzo kwa askari kutoka Afrika Magharibi. Alichofanya Davies ni kuzikusanya kesi, kuzilinganisha, na kusema wazi kwamba huu ni ugonjwa mmoja unaojitegemea. Aliandika hivyo mwaka 1948 katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki, na mwaka huo huo ndiyo ilikuwa mada ya tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Bristol.

Ugonjwa huo ulikuja kuitwa fibrosisi ya endomayokadia. Ukiona herufi EMF kwenye karatasi ya hospitali, ndio huo. Madaktari wengine waliuita kwa jina lake, ugonjwa wa Davies.

1954: watoto wawili waliovimba

Mwaka ambao mama anapaswa kuukumbuka zaidi katika maisha ya Davies ni 1954.

Mwaka huo kilitoka kitabu kikubwa juu ya kwashakoo, yaani unyafuzi, utapiamlo unaomvimbisha mtoto. Waandishi walikuwa watatu: Hugh Trowell, Davies, na R. F. A. Dean. Trowell alikuwa amepigania kwa miaka mingi kwashakoo itambuliwe kuwa ni tatizo la chakula, wakati wakubwa wengi wa tiba hawakumwamini. Davies alichangia alichokiona kwa hadubini: jinsi ini na kongosho vinavyoharibika kwa mtoto aliyekosa lishe.

Mwaka huo huo Davies, pamoja na J. D. Ball na A. W. Williams, waliueleza ugonjwa wa makovu ya moyo katika jarida la Lancet la London, ili madaktari wa dunia nzima wausome.

Weka kazi hizo mbili pamoja. Mtu mmoja, hospitali moja, mwaka mmoja. Mikononi mwake walipita watoto waliovimba kwa kukosa chakula na wengine waliovimba kwa sababu ya moyo. Kwa macho ya jirani, watoto hao wangefanana. Kwa tiba, wako mbali kabisa. Mmoja anahitaji chakula cha tiba na uangalizi. Mwingine hata ukimlisha vizuri namna gani, tumbo litajaa tena, kwa sababu maji yanatoka kwenye moyo uliobanwa.

Kuvimba ni dalili tu, na daktari hana budi kutafuta chanzo chake. Hilo ndilo somo la maisha yake kwa mama na mlezi.

Mapigo yanavurugika vipi?

Ugonjwa huu haukomei kwenye kuvimba. Vyumba vya chini vikibanwa, damu hujazana katika vyumba vya juu, navyo hutanuka kupita kiasi. Umeme wa moyo, ambao huanzia chumba cha juu upande wa kulia, hupita katika kuta za vyumba hivyo. Kuta zikishavutika, umeme hupotea njia. Badala ya kusukuma kwa pamoja, vyumba vya juu hutetemeka tu.

Hapo mapigo huwa ya ovyo: mawili ya haraka, moja limechelewa, matatu dhaifu, bila mpangilio wowote. Mtoto anaweza kusema moyo unarukaruka, au kifua kinacheza. Mdogo asiyeweza kusema atalegea, atakataa kunyonya au kula, atatoka jasho bila joto.

Hatari ya pili ni damu kuganda. Maji yaliyotuama hufanya utando, na damu iliyotuama ndani ya moyo hufanya bonge. Bonge likichomoka na kupanda kwenye ubongo, mtoto hupata kiharusi. Ndiyo maana mtoto mwenye tatizo hili anaweza kupewa dawa ya kuzuia damu kuganda, ingawa hana kidonda popote.

Daktari aliyeheshimu ujuzi wa wenyeji

Davies hakuishia kwenye moyo. Katika miaka ya 1950 alisaidia kuanzisha rejista ya saratani ya Kampala, moja ya kongwe zaidi barani Afrika. Mwaka 1960, yeye na Gregory O'Conor walionyesha kwamba uvimbe mwingi wa saratani kwa watoto wa Uganda ulikuwa wa aina moja, limfoma. Kazi hiyo ilisaidia kuueleza ugonjwa ambao Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, alikuwa ameuona kwenye mataya ya watoto, na ambao leo unaitwa kwa jina la Burkitt.

Jambo jingine ni dogo, lakini linatugusa sisi tunaolea kwa msaada wa bibi na wakunga. Mwaka 1959 Davies aliandika kuhusu tiba katika ufalme wa Bunyoro-Kitara. Alirejea simulizi ya mwaka 1879 ya Robert Felkin, aliyeshuhudia mganga wa huko akimfanyia mama upasuaji wa kujifungua. Mama na mtoto walipona. Davies aliona kwamba ujuzi kama ule haukuzuka siku moja, bali ulijengwa na vizazi vya watu wenye akili ya kuchunguza.

Kwa hiyo huna haja ya kugombana na bibi ili umpeleke mtoto hospitali. Bibi anayesema mtoto huyu hahemi kama wenzake ameona kitu cha kweli. Mshukuru, kisha ondoka na mtoto siku hiyo hiyo. Dawa ya kienyeji isiwe sababu ya kuchelewa, na mtoto akishaanza dawa za moyo, usimchanganyie na nyingine bila kumwambia daktari.

Alichokosa

Davies aliujua ugonjwa huu zaidi ya karibu kila mtu wa wakati wake, lakini hakuwa na namna ya kuuponya. Alichokiona alikiona baada ya kifo. Nyuma ya kila moyo aliouandika kulikuwa na mama aliyerudi nyumbani bila mtoto, na majina ya akina mama hao hayamo katika vitabu. Tunachokijua leo tunakijua kupitia msiba wao.

Chanzo pia hakukipata. Yeye na wenzake walifikiria chakula, walifikiria maambukizi. Baada yake watafiti wakafikiria minyoo, ongezeko la aina fulani ya chembe nyeupe za damu, na hata madini ya kwenye udongo. Mpaka leo hakuna kilichothibitishwa kuwa ndicho chanzo. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba ni wewe uliyemsababishia mtoto kwa ulichokula ukiwa mjamzito, au kwa kumwachisha ziwa mapema. Wala haiambukizi: ndugu zake wanaweza kulala naye na kula naye sahani moja.

Miaka ya 1960 Davies hakuwa tena Uganda. Alihamia Marekani, akafundisha patholojia Albany, katika jimbo la New York. Alifariki mwaka 1998.

Baada yake

Aliyoyaacha yaliendelezwa na wengine. Mwaka 1971 Charles Dubost, mpasuaji wa Paris, alifanikiwa kubandua kovu ndani ya moyo wa mgonjwa aliye hai. Ni upasuaji mgumu, na si kila mtoto anafaa kufanyiwa.

Kikubwa zaidi kwa familia za kawaida ni kipimo cha eko, yaani altrasaundi ya moyo. Hakichomi, hakiumi, na mtoto anaweza kulala mapajani mwako kikifanyika. Kile ambacho Davies alikiona baada ya mtoto kufa, leo daktari anakiona kwenye kioo mtoto akiwa hai.

Kipimo hicho kilishangaza watu nchini Msumbiji. Daktari Ana Olga Mocumbi na wenzake walikipeleka vijijini, wilaya ya Inharrime, wakapima watu 1,063. Matokeo yalitoka mwaka 2008: karibu mtu 1 kati ya 5 alikuwa na dalili za ugonjwa huu moyoni, na wengi wao hawakuwa wakijisikia wagonjwa. Kwa hiyo ugonjwa ulio nadra duniani unaweza kuwa wa kawaida mahali fulani, na usionekane mpaka mtu apime.

Na kwetu Iringa?

EMF umeelezwa zaidi katika maeneo ya tropiki yenye joto na unyevunyevu, kama sehemu za Uganda, Msumbiji, Nigeria na Kerala nchini India. Milima yetu ya baridi si mahali panapotajwa sana. Lakini msuli wa moyo huugua kwa njia nyingine pia, na hizo hazichagui mahali. Kuna moyo unaotanuka na kulegea, na kuna moyo ambao kuta zake zinanenepa. Kuna pia valvu zinazoharibika baada ya mafindofindo yasiyotibiwa. Dalili nyingi zinafanana na alizozijua Davies.

Sisi tuna sababu ya ziada ya kuwa makini. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Iringa wamedumaa. Ndiyo maana kliniki zetu zinazungumza sana kuhusu lishe, na ni sawa. Lakini mahali ambapo kila mtu anafikiria lishe, mtoto wa moyo anaweza kupita bila kuonekana.

Mambo ya kuangalia nyumbani

Miguu. Bonyeza kwa dole gumba juu ya mguu kwa sekunde kadhaa. Shimo likibaki, kuna maji. Katika unyafuzi, miguu yote miwili huvimba, nywele huwa hafifu na kubadilika rangi, na ngozi hubanduka. Katika EMF, tumbo linaweza kujaa sana huku miguu ikiwa imevimba kidogo tu.

Kuhema. Mtoto anachoka kuliko wenzake, anasimama katikati ya mchezo, au anataka kulala akiwa ameegemezwa mito. Mchanga anaachia ziwa kila mara ili apumue.

Mapigo. Mtoto akiwa ametulia, weka vidole viwili ndani ya kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Kwa mtoto mchanga, weka upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko. Hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Mtoto wa shule aliyetulia huwa na mapigo kati ya 70 na 120 hivi. Usiogope mapigo yakiongezeka kidogo anapovuta pumzi na kupungua anapoitoa, hiyo ni kawaida kwa watoto. Kinachotia wasiwasi ni mapigo ya ovyo yasiyofuata chochote, au ya kasi sana bila homa na bila kukimbia.

Mpeleke hospitali mara moja, hata kama ni usiku, ukiona:
- amezimia, hasa akiwa anacheza au anakimbia;
- midomo au ulimi umekuwa wa bluu au kijivu;
- anahema kwa shida akiwa amekaa tu;
- upande mmoja wa mwili umelegea ghafla, mdomo umepinda, au hawezi kusema.

Ukifika, sema nini?

Eleza lini tumbo lilianza kujaa, lishe anayopata, na dawa za minyoo alizokwishapewa. Kisha uliza moja kwa moja: je, moyo wake umesikilizwa? Kama amevimba na hajapata nafuu kwa matibabu ya lishe, uliza kama anaweza kufanyiwa eko na ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Kuuliza si utovu wa adabu.

Kutoka zahanati au kituo cha afya unaweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa. Ikihitajika zaidi, kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, inayopasua mioyo ya watoto. Kama gharama zinakushinda, muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kurudi nyumbani. Sera ya afya inatoa msamaha kwa watoto wa chini ya miaka 5 katika vituo vya serikali.

Mtoto akianza dawa

Dawa za kupunguza maji zitamfanya akojoe sana. Usiziache kwa sababu uvimbe umeisha, kwani ndizo zilizouondoa. Punguza chumvi kwenye chakula cha nyumba nzima, ili asijione ametengwa.

Akipewa dawa ya kuzuia damu kuganda, usikose tarehe za kupima damu, na mwambie mwalimu wake shuleni. Usimpe dawa za maumivu bila kumuuliza daktari. Kama ni binti, ongea na daktari mapema anapovunja ungo, kwa sababu baadhi ya dawa hizo zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Andika kwenye daftari uzito wake kila wiki. Uzito ukipanda haraka ndani ya siku chache, huenda ni maji yanarudi. Mrudishe hospitali na daftari hilo mkononi. Daktari atafurahi kuliona, maana Davies naye aliutambua ugonjwa huu kwa kuandika alichokiona kwa kila mgonjwa na kukilinganisha.